Wakubwa wa Magari Kwenye Njia ya Handeni

Desemba 1915 tajiri Henry Ford alikodi meli iitwayo Oscar II, akaijaza wapenda amani na waandishi wa habari, akavuka Atlantiki kwenda Ulaya kuwaombea askari watoke kwenye mahandaki kabla ya Krismasi. Magazeti ya Marekani yalimcheka mpaka basi. Alifika Norway anaumwa, akageuza kurudi kwao kimyakimya, wenzake wakaendelea na safari bila yeye. Lakini jina lilikwisha kutoka: Ford mtu wa amani, Ford adui wa vita, Ford yule yule aliyewapandishia wafanyakazi wake ujira hadi dola 5 kwa siku mwaka uliotangulia.

Ikapita miezi sita tu. Juni 15, 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliingia Korogwe likiwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck kwa kuteremka na mto, na Juni 19 likalitwaa boma la Handeni. Katika msafara ule, pamoja na farasi, nyumbu, ng'ombe na wapagazi wasiohesabika, yalikuwamo magari ya Ford. Mbung'o walikuwa wanawamaliza wanyama njiani, kwa hiyo kila kilichokwenda kwa petroli kilikuwa na thamani kubwa, na kigari kile chepesi chenye magurudumu membamba kilipenya palipowashinda malori mazito. Ford ilikuwa na kiwanda Manchester tangu 1911. Jeshi la Uingereza halikuwa na haja ya kupiga hodi kwa mpenda amani aliyeko Detroit ili kuyapata magari yake.

Babu yangu mzaa baba, Mzigua wa upande wa Sindeni, alichukuliwa upagazi katika vita ile akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Nilimkuta mzee sana. Ukimwuliza habari za vita, hakuwa na neno juu ya Smuts wala Kaisari. Alikuwa na habari za mizigo, za kuhara, na za gari.

"Likikwama wanatufunga kamba," alinieleza. "Kamba ya katani, mjukuu wangu. Mzungu yuko juu kashika usukani, sisi tuko mbele tunavuta."

Alisisitiza kwamba ilikuwa ya katani kwa sababu ndiyo iliyomchuna bega, na kovu lake alizikwa nalo. Wajerumani nao, kabla ya kukimbia, walikuwa wametandika reli nyembamba ya toroli kutoka Mombo hadi Handeni, na toroli hizo zilisukumwa na watu. Kwa hiyo mtu wa Handeni wa mwaka ule aliona tajiri wa pande zote mbili akija na chombo cha magurudumu, na pande zote mbili kazi ya kukisogeza akapewa yeye.

Nimefundisha historia katika shule za wilaya hizi mbili mpaka nikastaafu, na sikuzote nimeona vitabu vinawaeleza wakubwa wa magari kwa upande mmoja tu, ule wa kwao. Ford huyo huyo, baada ya vita, alimiliki gazeti lililowatukana Wayahudi miaka nenda miaka rudi, akaomba radhi mwaka 1927, mwaka ambao gari lake la Model T lilikoma kuundwa baada ya kutoka zaidi ya milioni 15. Mwaka 1938 akapokea nishani kutoka kwa serikali ya Hitler. Kwao hayo yalimshusha na kumpandisha. Huku kwetu hayakumwongezea wala kumpunguzia chochote. Jina la tajiri wa magari lilikuwa na mizani yake nyingine, nayo naweza kuieleza kwa sababu nimekulia juu ya mizani hiyo: baba yangu alikuwa turnboi, kisha dereva.

Korogwe ya utoto wa baba ilikuwa mji wa mkonge na reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Mkonge ulikuwa umeletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na kati ya miche elfu moja iliyoondoka huko ilinusurika 62 tu. Kutokana na hiyo yakaota mashamba yote unayoyajua: Ngombezi, Magunga, Hale na mengine mpaka Tanga. Mashamba yalitaka watu, na watu waliletwa kwa malori na treni kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya manamba, SILABU, na malori ndiyo yakawa mdomo wa ofisi hiyo vijijini. Baba alianza kazi miaka ile ile, katika shamba moja ambalo sitalitaja, juu ya lori la Bedford.

Turnboi hakuwa mtu mdogo, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo. Alfajiri alipiga handeli, na handeli ikimrudi inaweza kumvunja mkono. Alijaza maji kwenye rejeta. Mlimani alishuka kabla lori halijasimama, ana kigingi mkononi, akakimbia nyuma kukiweka chini ya tairi. Safari yenyewe aliisafiri juu ya marobota ya katani, jua lake, mvua yake. Dereva aliitwa bwana dereva, na mabibi arusi wengi wa Korogwe walitakwa kwa mlango wa mbele wa lori.

Bedford lilitengenezwa Luton, Uingereza, chini ya kampuni kubwa ya Kimarekani, General Motors, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Alfred Sloan. Sloan alikuwa mtu wa mahesabu, mkimya, aliyejenga dola ya magari bila kupenda picha zake kuonekana, na alipotoa fedha nyingi kwa utafiti wa saratani New York jina lake likawekwa kwenye taasisi ya huko mpaka leo. Nilimtajia baba jina hilo nikiwa chuo cha ualimu, nikijiona nimeelimika. Akaniuliza, "Huyo ndiye mwenye shamba?" Kwake mwenye Bedford alikuwa meneja aliyesaini kitabu cha spea. Meneja wa kwanza alikuwa mkali, mtu wa matusi, lakini lori likivunjika springi asubuhi, jioni springi mpya imefika kwa treni kutoka Tanga. Wa pili alikuwa mpole, akisalimia watu kwa Kiswahili safi, na chini yake malori matatu yalilala juu ya magogo. Madereva walimkumbuka nani kwa wema? Yule wa matusi.

Tajiri mmoja wa magari aliyejulikana kwa jina mpaka vijijini alikuwa Karimjee, na hapa lazima nikae kidogo. Ukoo huu wa Mabohora ulitoka Kutch, ukatua Unguja karne ya 19, ukafanya biashara ya karafuu na pembe, kisha ukahamia bara kwenye mkonge hadi ukawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa zao hilo. Pembeni wakaweka kampuni ya magari. Walijua jambo ambalo Ford hakulijua alipokodi meli: kwamba jina hujengwa mahali mtu anapoishi. Tanga kulikuwa na shule ya Karimjee, ambayo leo ni Usagara. Dar es Salaam wakaacha ukumbi wa Karimjee, na Bunge letu likakaa humo. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika hadi mwaka 1962, ndipo kiti kikashikwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Yaani nchi ilipopata uhuru, aliyekuwa akiwaambia wabunge waketi ni mtu wa ukoo uliouza magari na mkonge.

Walimu wenzangu wa kizazi cha Azimio walizoea kusema kwamba misaada ile yote ilikuwa chandarua cha kufunika jasho la manamba. Sikatai kwamba jasho lilikuwepo. Nimeliona kwenye shati la baba. Lakini shule ilikuwa shule, na watoto wa Tanga waliosoma humo hawakusoma ndani ya chandarua. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na mashamba mengi ya mkonge ya mkoa huu yakaingia mikononi mwa Serikali, bei ya katani ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za nailoni. Ukoo wa Karimjee ukabaki na biashara ya magari, ambayo miaka ya 1960 ilikuwa imeshika uwakala wa kampuni ya Kijapani ambayo wengi walikuwa hawajaizoea. Toyota. Tajiri aliyepata jina kwa katani akalihifadhi kwa spea. Hiyo naihesabu kuwa akili kubwa kuliko ukumbi.

Wakati huo huo magari yalipata mashujaa wengine, ambao hawakuwa na kiwanda wala hisa. Mashindano ya Safari yalipopita nchi zetu tatu, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Sisi watoto tulikuwa na Pijo za waya na vifuniko vya chupa, na kila mmoja alikuwa Shankland. Familia ya Peugeot kule Ufaransa ilikuwa inatengeneza vyuma tangu karne ya 19, lakini hapa Tanganyika hadhi yake ilijengwa na matope. Gari lililopita Safari lilionekana linafaa kwa barabara ya Handeni, na kwa kweli teksi nyingi za Korogwe zilikuwa Pijo kwa miaka mingi.

Kuhusu Benzi sina mengi. Wakubwa wa Serikali waliozipanda walipewa jina lao, wabenzi, na kila msomaji wa umri wangu analijua. Mkuu wa wilaya ya Handeni alikuja kwetu kwa Landrova, na watu walimpima kwa jinsi Landrova hiyo ilivyochafuka. Safi sana, hajafika vijijini.

Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda vitani, na mengine yaliporudi yalirudi mifupa. Ndipo ikaanza miaka ambayo mtu asiyeiona hawezi kuielewa. Fedha za kigeni hakuna, petroli kwa kibali, na Jumapili baada ya saa nane mchana gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani. Kibaha kulikuwa na kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na mwaka 1985 pale pale Kibaha ikaanzishwa rasmi Nyumbu, taasisi ya jeshi ya kubuni magari yetu wenyewe. Tulijivunia. Lakini Scania iliyounganishwa Kibaha ikikosa ringi za pistoni ilikuwa imesimama sawasawa na iliyoletwa nzima kutoka Sweden.

Baba alikuwa amekwisha acha shamba, anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Manundu mjini Korogwe, njia ya Korogwe hadi Handeni na wakati mwingine mpaka Mziha, akipeleka sukari na sabuni na kurudi na mahindi, mwaka ambao mahindi yamekubali. Nilisafiri naye wakati wa likizo. Gasketi alizikata kwa wembe kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu, akazipaka grisi. Mafuta ya breki yalipokosekana alitia maji ya sabuni. Yalishika, isipokuwa yalichemka kwenye mteremko na ndipo gia ilipofanya kazi ya breki. Bushi za springi alizichonga kutoka kwenye tairi kuukuu kwa kisu cha kuchinjia. Siku moja baada ya Misima jani kuu la springi lilikatika. Tulishusha magunia, tukalinyanyua lori kwa jeki na gogo, baba akaweka kipande cha mti mgumu kati ya majani ya springi, akakifunga kwa kamba ya katani, akailowesha maji ili ikaze. Kamba ile ilitufikisha Handeni. Nilimkumbuka babu na bega lake.

Usiku tulilala chini ya lori, na maongezi ya madereva yalikuwa hayo hayo: nani ana nozo, nani ana feni beti, fulani kapata wapi rababendi za breki. Hawakuwataja wakurugenzi wa viwanda. Mtu mkubwa kabisa kwenye njia ile alikuwa mzee mmoja wa gereji ya chini ya mwembe Manundu, aliyekuwa na debe la nozo za zamani na aliyeweza kuzisaga upya kwa unga wa valvu mpaka zikanyunyiza kama ukungu. Wenye mabasi walimwamkia shikamoo wakiwa na umri wake. Kampeni ya uhujumu uchumi ilipoanza mwaka 1983 chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu walitupa bidhaa usiku kwa hofu, na watoto wa jirani yetu waliokota boksi zima la plagi mpya kwenye mtaro. Plagi! Wiki iliyotangulia pikipiki ya mganga wa zahanati ilikuwa imeshindwa kwenda kwa kukosa moja. Sokoine nilimheshimu na ninamheshimu mpaka leo, lakini debe la mzee yule halikuwa uhujumu, na siku zile alilifukia chini ya banda la kuku.

Bajeti ya Juni 1984, ya Waziri Cleopa Msuya, ikaruhusu mwenye fedha zake za nje aingize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Hapo pikapu zikamiminika. Ghafla Handeni ikawa na usafiri kila siku, watu wamesimama nyuma wameshikana mabega, kuku miguuni, kondakta ananing'inia. Nyingi zilikuwa Toyota. Na kwa nini Toyota? Wasomi hupenda kusimulia habari za Kiichiro Toyoda, mwana wa mtengeneza mitambo ya kufuma, aliyejiuzulu mwaka 1950 ili kubeba lawama za mgomo na kupunguzwa wafanyakazi, akafa mwaka 1952 bila kuona kampuni yake ikitamba. Ni habari nzuri ya kiongozi mwenye haya. Lakini fundi wa Manundu alikuwa na jibu fupi zaidi: kifaa cha Toyota hii kinaingia kwenye Toyota ile.

Kwa hiyo sikushangaa mwaka 2010, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro ukihesabu kwa mstari mwana kwa mwana, alipofika mbele ya Bunge la Marekani kuomba radhi kwa magari yaliyokwenda kasi yenyewe, na redio ikasema jina la kampuni limechafuka duniani. Siku hiyo Noah na Coaster zilipanda bei Korogwe kama kawaida. Vivyo hivyo mwaka 2019, Carlos Ghosn, mkuu wa zamani wa Nissan, alipotoroshwa kutoka Japani ndani ya sanduku la vyombo vya muziki. Vijana wa stendi walicheka sana, wakasimuliana kama sinema, kisha wakaenda kuulizia filta ya Nissan kwa bei ile ile ya jana. Rahul Bajaj wa kampuni ya bajaji alipofariki Februari 2022, India ilimwaga kwa heshima za kiserikali. Babu yake Jamnalal alikuwa karibu na Gandhi hata Gandhi akamwita mwanawe. Ukoo huo jina lake linatajwa Korogwe mara nyingi kwa siku kuliko la rais yeyote, na sijamsikia dereva hata mmoja wa bajaji akimjua mwenye jina. Anachokijua ni kwamba keboli ya klachi inapatikana duka la tatu.

Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65 zilizommaliza baba mgongo, ilipata lami katika miaka ya 2010, ikaunganishwa na Mkata. Leo nafika Handeni kabla chai ya chupa haijapoa. Mabasi ya Arusha yanapita Korogwe bila hata kupunguza mwendo isipokuwa kwa abiria na machungwa. Kibaha wameanza tena kuunganisha malori, safari hii ya Kichina, na mabango ya wenye viwanda hivyo yamesimama kando ya barabara kuu, tabasamu pana, suti nzuri, wamepiga picha na mawaziri. Sina ubaya nao. Ajira ni ajira.

Ila malori yao nayaona pale Manundu, mawili matatu kila mara, yamenyanyuliwa boneti, turnboi amekaa chini anasubiri basi lilete spea kutoka Dar es Salaam. Ndugu zangu wa Kibaha, pesa ya bango moja inatosha kodi ya fremu ya duka pale sokoni kwa muda mrefu. Wekeni fremu, jazeni ringi, nozo na feni beti, mwekeni kijana anayejua namba za vifaa, afungue mpaka Jumapili.